Ulivyoniuliza neno baruti

Baba angu, nimeona meseji yako, kwamba hapo machimbo ya kokoto mnabishana baruti maana yake nini na neno limetoka wapi. Hilo la Waarabu, wanasema barud, na zamani lilikuwa jina la ile chumvi ya shura peke yake, ukiichanganya na makaa na kiberiti, yaani salfa sio njiti, ndo inakuwa kitu cha kulipuka. Neno lina kwao. Ila mimi ungeniuliza mzinga.

Mzinga ndo ulionitesa. Unaijua mizinga ya babu yako Mpwapwa, kwenye ule mbuyu. Sasa 9 Desemba 1971, Uhuru unatimiza miaka 10, redio ikasema mizinga imepigwa huko Dar es Salaam, mimi na mjomba wako tukaangaliana, kumbe mizinga huwa inapigwa! Nikachukua mchi nikaupiga ule wa chini mara tatu, nataka ulie kama wa redioni. Nyuki walivyotoka wakamkuta punda kafungwa palepale. Jioni akafa. Kiangazi chote kilichofuata bibi yako akabeba maji kichwani, anachimba mchanga wa korongo hadi yatoke, na fimbo alikula mjomba wako. Mimi nikanyamaza.

Sa nani alianza kuita silaha jina la nyumba ya nyuki? Mi nasema nyuki walitangulia. Wareno wanaipiga Kilwa mwaka 1505 watu wa huku walishakula asali siku nyingi, mtu akiona chuma kinene cha mviringo, kina uwazi ndani kama gogo lililochongwa, atakiitaje? Lakini wapo wanaosema linatoka kwenye kuzinga, yaani kuzunguka, kwamba chochote cha duara kirefu chenye tundu ni mzinga, na nikifikiri naona nao wana hoja, mbona hata chupa kubwa ya pombe mnaiita hivyohivyo. Haya, sihukumu, ingawa roho inanipeleka kwa nyuki. Neno lina kwao bwana.

Ukienda Mpwapwa Pasaka mpelekee mjomba wako asali lita 2, ya nyuki wadogo, hela nitakurushia. Akiuliza ni ya nini, mwambie mama anakuja mwenyewe.