Wazazi Mnaoanza Barafu: Nunueni Kiatu cha Mguu wa Leo

Msimu huu tena darasa la watu wazima la kuteleza kwa sanaa kwenye barafu limejaa wazazi waliokaa benchi miaka miwili wakiwafunga watoto kamba za viatu, na sasa wameamua kuingia wenyewe. Karibuni sana. Lakini makosa ni yale yale ya wenzenu wa mwaka jana, kwa hiyo tusikilizane.

1. Viatu. Hapa ndipo wengi mnapoumia, na chanzo ni mazoea ya nyumbani: mtoto hununuliwa kiatu kikubwa ili akikulie. Sasa mzazi anayevaa 41 anachukua 42, tena na soksi mbili nene kwa ajili ya baridi. Kila akikunja goti, kisigino kinainuka ndani ya kiatu. Kifundo kinalalia ndani, anateleza kwa makali ya ndani tu ya bledi, yaani chuma cha chini ya kiatu, na unyayo unakaza mpaka unakufa ganzi. Ili kujiokoa anakaza kamba mpaka juu kwa nguvu zote, kifundo kinashindwa kukunjika, uzito unarudi nyuma, puu, chali. Halafu anaambiwa ana vifundo dhaifu, naye anaamini. Miezi miwili ya ada imekwenda, na mtu aliyekuja na hamu anarudi benchi akisema umri umempita. Hilo linatuuma kila mwaka, maana kosa ni la kiatu. Na umri upi huo? Mashindano ya watu wazima ya ISU, shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye barafu, kule Oberstdorf, Ujerumani, yapo tangu 2005, na aliye chini ya miaka 28 haruhusiwi!

Kodi viatu kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Ukiamua kununua, simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, chora mguu, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, kisha fuata jedwali la mtengenezaji. Mara nyingi namba hushuka kwa moja au moja na nusu. Soksi moja, nyembamba. Ukisimama wima vidole viguse mbele bila kujikunja. Ukikunja goti virudi nyuma kidogo. Kamba ziwe legevu vidoleni, zikazwe kwenye mkunjo wa kifundo, zilegezwe tena kwenye ndoano za juu, kidole kimoja kiweze kupita.

2. Kava za plastiki ni za kutembelea tu. Ukizifunga bledi zikiwa na maji, kesho ni kutu. Futa, kisha vaa kava za kitambaa. Noa kila baada ya saa 20 hadi 40 za barafu, kwa fundi anayejua viatu vyetu, kwa sababu aliyezoea vya hoki anaweza kukusagia meno ya mbele ya bledi.

3. Kuanguka. Kunja magoti, angukia paja la upande, kidevu kifuani, mikono mbele, vidole umevikunja. Kunyoosha kiganja nyuma ndiko kunakovunja vifundo vya mikono ya wazazi.

4. Muda hautapatikana, utauiba. Mtoto akiwa darasani dakika 30, nawe ingia kama kuna kipindi cha wazi upande wa pili. Jikoni, maharage yakichemka, simama mguu mmoja sekunde 30, goti limekunjika, macho mbele. Dakika 10 za hivyo kila siku zina faida kuliko saa nzima kwa mwezi.

5. Makali. Mnakimbilia kuvuka miguu (mguu mmoja kupita juu ya mwingine kwenye kona) na mruko wa walzi (mruko wa nusu mzunguko) kabla ya kujua mmesimama wapi juu ya bledi. Bledi ina upana wa milimita 4 hivi, na katikati yake kuna mfereji unaotenganisha makali mawili. Siku moja subiri Zamboni, ile mashine ya kulainisha barafu, itoke na maji yagande. Sukuma mara mbili, simama mguu wa kulia, bega la kulia mbele, egemea nje mwili mzima bila kuvunja kiuno. Kisha rudi uinamie alama yako. Mistari miwili sambamba maana yake umepita bapa. Ukiona mstari mmoja mwembamba umejikunja kama mundu, huo ni ukali wa nje, umeuchora mwenyewe, na sikio lako tayari lilikuwa limeujua: barafu haikukwaruza, ilinong'ona. Watoto watakuita twende nyumbani. Waambie wasubiri, mguu wa kushoto bado.