Jibu: kulinganisha biashara ya mbao za viwandani (mbao bapa kama chipubodi, MDF na plaiwudi) kati ya nchi mbili

Umeuliza ulinganishe vipi biashara hiyo kwa miaka kadhaa. Grafu ya dola peke yake itakudanganya, kwa sababu bei na viwango vya kubadilisha fedha hupanda na kushuka hata kama mzigo ni uleule. Anza na ujazo kwa mita za ujazo kutoka FAOSTAT (hifadhi ya takwimu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), thamani iwe mstari wa pili. Kumbuka thamani pale iko kwa maelfu ya dola, na ni dola za mwaka husika, haijaondolewa mfumuko wa bei.

Kisha gawanya thamani kwa ujazo, mwaka kwa mwaka. Bei ikiruka kutoka dola 350 hadi 3,500 kwa mita ya ujazo, hilo si soko, ni kosa la kipimo. Mara nyingi mtu kageuza kilo kuwa mita za ujazo vibaya: chipubodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) huwa na takriban kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) kama 700 na zaidi.

Ukitumia takwimu za forodha, chukua namba za bidhaa za mfumo wa HS, yaani namba za forodha za kimataifa: 4410 (chipubodi na OSB, ubao wa vipande vikubwa bapa vya mbao), 4411 (MDF na jamii yake) na 4412 (plaiwudi). Vinia (tabaka jembamba la mbao), 4408, amua mapema iingie au isiingie, halafu fanya vivyo hivyo kwa nchi zote mbili. Ndani ya 4411 usiunganishe vijisehemu (namba za tarakimu sita) vya kabla na baada ya 2007: zamani viligawanywa kwa msongamano wa ubao (uzito kwa kila kipimo cha ujazo), sasa MDF inagawanywa kwa unene. Baki na namba za tarakimu nne.

Kwa kawaida thamani ya uagizaji huhesabiwa pamoja na nauli na bima, mauzo ya nje bila hivyo, kwa hiyo takwimu za muuzaji na za mnunuzi mara nyingi hazitalingana.