Muulize Fundi wa Rangi: Msichana kwenye pua ya ndege

SWALI: Shikamoo, Fundi. Dukani kwa mjomba kuna kalenda ya zamani yenye picha ya ndege ya vita. Puani imechorwa msichana, na pembeni kuna safu ya vibomu vidogo. Jeshi liliruhusuje? Nami nataka kuchora omo ya mashua yetu. (Mvuvi, Mikindani)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wakubwa wa jeshi la Marekani waliifumbia macho michoro ile kwa sababu iliwatia askari moyo. B-17, ndege yao kubwa ya kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilibeba watu 10. Mwaka 1943, waliokuwa wakitoka Uingereza kwenda kuipiga Ujerumani walitakiwa kumaliza safari 25 ndipo warudishwe kwao, na wengi hawakuzimaliza. Ndege zilitoka kiwandani zikifanana. Jina na picha ndivyo vilivyoifanya moja iwe yao. Vibomu ni hesabu ya safari walizokwenda.

Marubani wanatajwa sana, wachoraji hawatajwi, na hilo linaniuma kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Chukua B-17 iliyoitwa Memphis Belle. Rubani Robert Morgan aliipa jina hilo kwa ajili ya mchumba wake wa mji wa Memphis, Marekani, Margaret Polk. Picha ilinakiliwa kutoka kwa George Petty, mchoraji wa jarida la Esquire. Lakini aliyeshika brashi ni Tony Starcer, askari wa kambi ya Bassingbourn, Uingereza. Alimchora msichana pande zote mbili, kushoto kwa vazi la buluu, kulia jekundu. Ndege alizochora zinapita 100! Kuchora juu ya bati lililopinda si kazi ndogo, na yeye alijua kwamba kesho picha ile huenda isirudi, wala wenye nayo.

Waingereza nao walichora. Ndege yao ya mabomu, Lancaster namba R5868, iliyopo makumbusho London, imeandikwa majigambo ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani, na hapohapo pana safu za mabomu zaidi ya 100. Naipenda kuliko zote.

Mashua yenu ichore, ila kaa kwanza na wenzako wote mnaokwenda nao baharini, mkubaliane picha. Mbao zikauke vizuri, piga msasa, paka praima, kisha rangi ya mafuta. Namba ya usajili usiifunike.