Zukini za bustanini: shughulikia maji yake kwanza, kisha uamue chumvi au sukari

Dada uliyeandika kutoka Mukono, umesema kwamba ulipanda miche sita ya zukini nyuma ya nyumba, ikakubali kuliko ulivyotarajia, na sasa kila asubuhi unakuta tatu au nne za kuchuma, nyingine zikiwa zimekwisha kuwa nene kama mkono wa mtu mzima. Umesema pia kwamba kila ukizipika mchuzi unageuka maji, kwamba watoto wanazisukuma pembeni ya sahani, na kwamba umesikia zinaweza kutiwa kwenye keki lakini huamini. Mimi ninaishi Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, na huu ni mwaka wa tano nikizilima na kuzipika nyumbani. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu hayo unayoyaeleza niliyapitia yote, na ninaona uchungu mboga nzuri namna hii ikitupwa kwa ng'ombe kwa kukosa tu namna ya kuipika.

Zukini ni ndugu wa boga, na karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Maana yake ni kwamba ukitia nusu kilo ya zukini kwenye sufuria, umetia takriban gramu 475 za maji na gramu 25 tu za kitu kingine chochote. Boga lililokomaa lina wanga wa kulifanya mchuzi wake uwe mzito, lakini zukini huchumwa changa kabla ya kufikia hapo, kwa hiyo moto ukizipata na kifuniko kikiwa juu, zinaachia maji yote na kulegea. Swali la kwanza katika kila pishi, liwe la chumvi au la sukari, ni hili: maji haya nayataka au siyataki? Ukilijibu kabla ya kuwasha jiko, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza niseme juu ya kuchuma, kwa kuwa ladha huanzia hapo. Zile tamu ni zenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, ganda lake likiwa linang'aa na kukubali ukucha bila kushindana. Mvua ikinyesha na jua likifuata, zukini huongezeka sana kwa siku moja, kwa hiyo usiruke siku, na uangalie chini ya majani mapana ambako hujificha. Kisha, kabla ya kupika, kata kipande chembamba kibichi ukionje kwa ncha ya ulimi. Mwaka wangu wa pili nilipanda mbegu nilizozihifadhi mwenyewe kutoka kwenye zukini iliyokuwa imemea karibu na maboga ya mapambo, na mche mmoja ukazaa matunda mazuri kwa macho lakini machungu kama shubiri. Nilidhani moto na karanga vingeuondoa uchungu ule, nikamwaga sufuria nzima. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, ambayo moto hauiondoi, na inaweza kumsababishia mtu kutapika na kuharisha. Zukini ikiwa chungu, itupe na ung'oe mche wake.

Sasa mchuzi wa karanga, ambao ndio uliokusumbua. Mama mkwe wangu ni mtu wa Mbale, naye ndiye aliyenifundisha kupika malewa, yaani yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ndani ya karanga za kusaga. Nilipopata zukini za kwanza nilizipika kwa njia ile ile: nikazitia kwenye karanga mapema, nikaacha zichemke taratibu. Zikapasuka, karanga zikajitenga na kubaki chembechembe chini, na juu yake yakaelea maji ya kijani. Mama mkwe alichungulia sufuria akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, malewa hunywa mchuzi, hii inakojoa." Ndipo nikaelewa kwamba kitu kilichokaushwa na kitu kilichojaa maji haviwezi kupikwa kwa mpango mmoja.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi. Ninakata zukini vipande vinene vya sentimita mbili, ninavifuta kwa kitambaa, kisha ninapasha kikaango kipana na mafuta kidogo mpaka mafuta yaanze kutembea. Ninapanga vipande safu moja tu bila kubanana, siviweki chumvi bado, na sivigusi kwa dakika mbili au tatu. Sikiliza sauti yake: vinapochacharika kwa ukali, maji yanaondoka kama mvuke na upande wa chini unapata rangi ya kahawia, sauti ikishuka ikawa ya kutokota, ujue umejaza kikaango kupita kiasi na sasa unavichemsha. Vikigeuka rangi pande mbili ninaviondoa vikiwa bado vigumu katikati. Kando ninapika kitunguu, nyanya mbili na karanga za kusaga mpaka mchuzi uwe mzito kuliko ninavyoutaka mezani, na mafuta yake yameanza kuonekana juu. Vipande vinaingia mwishoni kabisa, dakika tano tu, sufuria ikiwa wazi, na chumvi inawekwa wakati huo. Yale maji machache yatakayotoka yataulainisha mchuzi mpaka kiasi kinachofaa kwa matoke au posho, yaani ugali. Ukitia kijiko kimoja cha simsim (ufuta) ya kusaga pamoja na karanga, wageni watakuuliza umepika nini.

Kwa watoto, njia iliyofanikiwa nyumbani kwangu ni mayai. Chukua nusu kilo ya zukini, uikwaruze kwa upande wa greta wenye matundu makubwa, unyunyizie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, uchanganye kwa mkono na kuiacha ndani ya kichujio kwa dakika 20. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, nawe utaona bakuli la chini likianza kujaa pasipo kufanya lolote. Kisha itie kwenye kitambaa safi cha pamba, ukikunje na kukisokota kama unavyokamua nguo, usimame, usokote tena. Maji yatakayotoka yatazidi nusu kikombe cha chai, na kile kinachobaki ndani ya kitambaa kitakuwa donge dogo la kijani ambalo kwa mara ya kwanza litakufanya udhani umeharibu chakula. Hujaharibu. Changanya donge hilo na mayai mawili, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, dania, pilipili manga na vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano, kisha ukaange kwa vijiko kwenye mafuta ya moto. Usiongeze chumvi, kwa kuwa ile ya mwanzo imebaki kiasi cha kutosha. Mchanganyiko huo huo bila unga ndio ninaoumimina kikaangoni na kuufunika kwa chapati kupata roleksi, na watoto wangu, ambao walikataa zukini za mchuzi mwaka mzima, hula roleksi hiyo bila kuuliza kilichomo. Uupike mara tu ukishauchanganya, kwa sababu ukikaa nusu saa hutoa maji upya.

Zile nene kama mkono usizilazimishe kuwa mboga ya kukaanga. Ganda lake limekuwa gumu, mbegu zimekomaa, na katikati kuna nyama yenye sponji isiyo na ladha. Zipasue kwa urefu, ukwangue katikati kwa kijiko mpaka ibaki mitumbwi miwili, uijaze nyama ya kusaga iliyokwisha kukaangwa pamoja na wali uliobaki, uifunge kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni na kuiweka ipikike kwa mvuke kama luwombo, kwa dakika 40 hivi. Hapa maji ya zukini yanatakikana, kwa maana wali unayanywa na kulainika.

Nije kwenye keki ambayo huiamini. Nakuhakikishia kwamba inawezekana, na sababu yake ni ile ile: zukini haina ladha kali ya kupigana na sukari, na maji yake hubaki ndani ya keki na kuifanya iwe laini hata siku ya tatu, wakati keki ya kawaida imekwisha kukauka. Kwa mkate mmoja wa keki ninatumia gramu 300 za unga wa ngano, gramu 200 za sukari, mayai matatu, mililita 160 za mafuta ya kupikia, gramu 250 za zukini iliyokwaruzwa kwa matundu madogo, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha iliki, na nusu kijiko cha chumvi. Zukini hii usiikamue kwa kitambaa. Ibonyeze tu kwa kiganja mara moja ili yale maji yanayochuruzika yenyewe yatoke, basi. Niliikamua kabisa mara moja kwa kudhani nafanya vizuri, nikapata keki kavu inayopasuka. Kwa mara ya kwanza imenye ganda, ili watoto wasione nyuzi za kijani. Wakishaizoea, acha ganda.

Bekingi pauda inategemea mahali unapoishi, na hili watu wengi hawaambiwi. Sisi huku tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ina msukumo mdogo zaidi, na gesi ndani ya keki hutanuka upesi. Keki hupanda kwa haraka, kisha hudidimia katikati kabla haijashika. Mimi ninaweka vijiko viwili vya chai, lakini wewe Mukono, ambako ni karibu mita 1,200, weka viwili na nusu. Oka kwa nyuzi 175 kwa dakika 50 hadi 60, mpaka kijiti kitoke kikavu. Kama huna oveni, sufuria nzito yenye mchanga mkavu ndani, ikiwa juu ya sigiri na makaa juu ya kifuniko, inaoka vizuri kabisa. Hakikisha tu makaa ya juu ni mengi kuliko ya chini, na uiache keki ipoe kabla ya kuikata, maana ikiwa moto itaonekana mbichi hata kama imeiva.

Nilijaribu pia kuitia kwenye kabalagala, yaani vile vitumbua vya ndizi vya kukaanga, kwa ndizi ndogo zilizoiva sana, zile Waganda wanazoziita ndiizi, na unga wa muhogo. Inakubali ukitumia nusu kikombe cha zukini iliyokamuliwa sana kwa vikombe viwili vya ndizi zilizopondwa, lakini kwa maoni yangu haiongezi chochote, na kabalagala zenyewe huwa zimelegea ifikapo kesho yake. Ndizi inajitosha.

Kitamu ninachokipendekeza kuliko keki ni jamu ya zukini kubwa na tangawizi. Menya zukini zilizopitiliza, ondoa mbegu na sponji, ukate kilo moja ya nyama yake vipande vidogo kama punje za mahindi, uzichanganye na gramu 800 za sukari na kuziacha usiku kucha. Asubuhi utakuta vipande vimesinyaa na vinaogelea kwenye shira yake, bila wewe kutia tone la maji. Ongeza maji ya malimau mawili pamoja na maganda yake yaliyokwaruzwa, na gramu 40 za tangawizi iliyopondwa, kisha uchemshe kwa moto mdogo ukikoroga, kwa muda wa saa moja au zaidi, mpaka vipande viwe kama kioo na shira ing'ang'anie kijiko. Watu wengi wakiionja juu ya mkate hudhani ni nanasi. Ihifadhi kwenye friji na uimalize ndani ya wiki mbili au tatu. Tafadhali usiifunge kwenye chupa na kuiweka kabatini kwa miezi, wala usifanye hivyo kwa zukini za chumvi. Mboga hii ina asidi kidogo mno, na vijidudu vinavyotoa sumu hatari ndani ya chupa isiyo na hewa havifi kwa maji yanayochemka. Tena huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, chini hata ya zile 100 za pwani.

Umeuliza mwishoni kama maua yanalika. Yanalika, lakini chuma maua dume tu, yale yenye kikonyo chembamba kisicho na kitunda nyuma yake, na uyachume asubuhi nyuki wakiwa wamekwisha kupita, ukiacha mawili au matatu kwa kila mche. Yachovye kwenye uji mwepesi wa unga na yai, uyakaange dakika mbili.

Na kama una friza, zile zitakazokuzidi wiki hii zikwaruze, uzikamue, uzipime gramu 250 kwa kila mfuko, uandike tarehe na kuzigandisha zikiwa bapa ili ziyeyuke upesi. Zikiyeyuka zitatoa maji tena: kwa keki zimimine pamoja na maji yake, kwa kuwa ulikwisha kuzikamua, kwa mayai zisokote upya kwenye kitambaa.