Songwe hadi Guangzhou kwa ndege
Ndugu uliyeuliza umbali wa kutoka Mbeya hadi Guangzhou, safari hiyo ina vipande viwili: Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 690 angani, yaani saa moja na kitu, na Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, ambazo ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa 10 au zaidi kidogo. Kinachowachanganya wengi ni tiketi, kwa kuwa huandikwa saa za kila mji, na China imetutangulia kwa saa 5; ndiyo maana kwenda huonekana kama saa 15 na kurudi kama 5 tu. Muda wa kusubiri Dar uuhesabu kando.