Sheria si mahakama tu

Umeuliza kama kusoma sheria ni kupoteza muda iwapo hutaki kusimama mahakamani. Hapana, tena hapana kabisa! Katika nchi nyingi shahada peke yake haikufanyi wakili. Bado kuna mafunzo ya vitendo na mitihani ya taaluma, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua njia nyingine.

Kinachobaki nawe ni namna ya kusoma. Chukua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, Uingereza, 1932: mwanamke alidai alikunywa kinywaji kilichokuwa na konokono ndani ya chupa. Utajifunza kuchambua kisa kile mpaka upate kanuni: mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji asiyemjua. Jicho hilo linatafutwa kwenye bima, kodi, benki, vyama vya wafanyakazi, diplomasia na uandishi wa miswada ya sheria (kazi ninayoiheshimu sana, maana koma moja yaweza kubadili haki ya mtu).

Ila kama hupendi kusoma kurasa nyingi kila siku, fikiria upya. Kusoma ndiyo kazi yenyewe.