Kuhusu LAAC kuja Kusini: jibu la mtu aliyekaa upande wa wanaohojiwa

Mkuu, umeuliza LAAC, yaani Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, wakija Lindi na Mtwara wanafanya nini zaidi ya kula posho. Nimefanya kazi idara ya fedha kwenye halmashauri moja ya Mkoa wa Lindi, na kamati ile nimeikalia mbele.

Wizara na taasisi hujibu kwa PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali; halmashauri hujibu kwa LAAC. Wanakuja na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mkononi, na kila hoja ya ukaguzi iliyomo mkurugenzi anatakiwa aijibu kwa vielelezo. Ndiyo maana kabla ya ugeni huo wahasibu hawalali, vocha zinatafutwa hadi chini ya makabati.

Kwetu palikuwa na hoja ya ushuru wa samaki na magulio uliokusanywa kwa mashine za POS, zile za kielektroniki za kukusanyia mapato, lakini benki haukuonekana. Mkuu wa idara akaanza habari za mtandao kusumbua. Mbunge mmoja, mama mtu mzima, akamkatiza kwa upole, akaomba taarifa ya mashine moja tu pamoja na slipu za benki za mwezi uleule. Akazilaza sambamba mezani, akawa anasoma tarehe kwa sauti: hii imekusanywa, slipu iko wapi? Hii je? Hakuna aliyejibu. Hela ile ni ya mama anayeuza dagaa juani, na asilimia 10 ya mapato hayo ya ndani ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu.

Kinachoniuma ni uhamisho wa watumishi. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ripoti inafika bungeni Aprili inayofuata, kamati inakuja baadaye zaidi. Mhusika keshahamishwa! Aliyepo anasema, "Waheshimiwa, mimi nimeripoti juzi," na hoja inaandikwa "utekelezaji unaendelea". Kamati haifungi mtu jela, inapendekeza kwa Bunge; lakini sheria inairuhusu kumwita shahidi popote alipo. Iwaite hao waliohama, wakae kiti kilekile.

Na wewe usisubiri wabunge. Baraza la madiwani hukaa kikao maalumu kujadili hoja za CAG, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Muulize diwani wako tarehe, kisha muulize hoja zipi ni za miaka ya nyuma na nani alikuwa ofisini zilipozaliwa.